Dakika Ishirini

Mwishoni mwa kila behewa kuna maji ya kuchemka,
samovari inanguruma mchana na usiku,
tunapikia chai, tunaloweshea tambi,
kocha Serikbol ananyolea ndevu.
Baridi ndiyo hakuna.
Kutoka Kostanai hadi Almati, siku nzima na nusu ya Juni,
madirisha yamekazwa skrubu tangu wakati wa theluji
na hakuna aliyekumbuka kuyafungua.

Goti la Raushan limelala juu ya begi langu.
Lilitoa sauti juzi, mazoezi ya mwisho kabisa,
sauti ndogo, ya kijiti kuvunjwa na mtu anayewaza mengine.
Sasa limekuwa abiria wa tatu,
mnene, mwekundu, hana tiketi.

"Dakika ishirini juu, arobaini chini,"
kocha aliniambia mimi, si mwingine,
akanivulia saa yake ya mkononi.
Judo, kilo hamsini na saba: Raushan.
Judo, kilo hamsini na saba, wa akiba: mimi.
Alilijua hilo. Sijui kama alilikumbuka.

Mama yake alitugandishia chupa nne,
akazivisha skafu ya manyoya ya ngamia.
Ya kwanza ilikufa kabla ya Astana.
Ya pili tulimpa mtoto wa kitanda cha juu, ana homa.
Mbili zilizobaki zililia pamoja, godoro likaloa,
na Zinaida mhudumu akatusimanga hadi Karaganda
kama kwamba tumekojoa.

Sari-Shagan. Treni inasimama dakika kumi na moja.
Nashuka na kandambili.
Wanawake wa ziwani wamepanga masanduku juani,
samaki wa moshi, wa dhahabu, juu ya barafu iliyopondwa.
"Naomba barafu."
"Barafu siuzi. Nauza samaki."
"Basi samaki."
"Wangapi?"
"Mmoja. Mdogo. Mwenye barafu nyingi."
Akacheka, akaninyoshea mfuko mzito kama kichanga.

Sasa hapa naomba niseme kweli.
Sikurudi mara moja.
Nilisimama kando ya reli, mfuko mkononi,
maji yakinishuka kwenye kiwiko, tone,
tone,
nikiitazama barafu ikiondoka yenyewe.
Simwagi. Sitobói. Nimesimama tu.
Nani atamshtaki mtu kwa kosa la jua?
Nikauona mkeka wa njano wa Almati,
nikalisikia jina langu kwenye kipaza sauti, limekosewa silabi,
na mimi nainama hivyohivyo, nasalimu, naingia.
Dakika nne. Saa ya kocha ilihesabu, mimi sikuwa nahesabu.

Honi.
Nilikimbia, kandambili moja ikabaki Sari-Shagan.

"Inanuka," Raushan alisema.
"Ni samaki."
"Umeniwekea samaki gotini?"
"Yeye yumo, ila hana neno."
Akacheka, akauma mto, akacheka tena,
na mimi nikabana mfuko kwa viganja viwili
mpaka vidole vikafa ganzi, kimoja kimoja, kuanzia kidogo.

Halafu, macho amefumba, sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu:
"Yule wa Shimkenti, ukikutana naye,
mshike kola upande wa kushoto.
Mguu wake wa kulia ni mwongo.
Unatikisika kama utaingia, lakini hauingii."
Sikujibu. Nje, nyika ilikuwa ikipita,
tambarare, haina pa kuficha uso.

Ishirini ziliisha.
Ishirini na moja. Ishirini na tatu.
"Toa, utaniunguza ngozi," akasema,
na ilibidi anikunjue vidole yeye,
maana mimi sikuvihisi tena.

Usiku tulimla samaki kwa mkate na chumvi.
Zinaida naye akaletewa mkia.
Goti, chini ya skafu ya ngamia,
halikusema lolote,
nasi hatukuliuliza.